Bahasha Ilikwenda Hague, Faili Likabaki Kisumu

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya bahasha. Najua, hapa kwetu ukitaja bahasha watu huangaliana kwanza, halafu mmoja anakohoa. Hii si ile. Hii ni bahasha ya Jaji Philip Waki, na kama ulikuwa na akili za kusikiliza redio mwaka 2008 basi hujaisahau, ingawa hukuiona, na mimi sikuiona.

Tukumbushane kidogo kwa ajili ya vijana. Tulipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 matokeo yakatangazwa, na magharibi hiyo hiyo Mwai Kibaki akaapishwa Ikulu. Nchi ikawaka. Sitawarudisha kwenye yote. Tarehe 1 Januari kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa pamoja na watu waliokimbilia humo, wengi wao kina mama na watoto. Mwisho wa mwezi huo, Naivasha, nyumba moja ilitiwa moto na watu 19 wakafia ndani. Akaja Kofi Annan, akaja Mama Graça Machel, akaja Mzee Benjamin Mkapa, wakakaa nasi wiki baada ya wiki. Mwishowe Rais Jakaya Kikwete, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, akaja kuwasukuma wakubwa wetu wawili waliogombania urais hatua iliyokuwa imebaki. Tarehe 28 Februari 2008 tukapata mwafaka, na ile serikali ya mseto tuliyoibandika jina la nusu mkate.

Ndani ya mwafaka huo ndimo ilimozaliwa tume ya Waki. Oktoba 2008 ikatoa ripoti nene, ya kurasa zaidi ya 500, ambayo mtu yeyote angeweza kuisoma. Majina ya wale waliotuhumiwa kuwa wakubwa wa mambo hayakuwamo. Hayo yalitiwa kwenye bahasha, bahasha ikafungwa, akapewa Annan aiweke. Sharti lilikuwa moja: undeni mahakama maalumu hapa nyumbani. Mkishindwa, bahasha inakwenda kwa kiongozi wa mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ICC, kule Hague, Uholanzi.

Tangu siku ile nchi nzima ikawa ya wapiga ramli. Kwenye matatu, kwa kinyozi, hata matangani, watu walikisia majina. Fulani yumo. Fulani hayumo, ana bahati. Sisi wa redio hatukuwa bora kuliko wengine. Tulifungua simu na kuwauliza wasikilizaji, wewe unadhani nani yumo? Lile lililofichwa likatufanya tusione lililoandikwa wazi. Mimi mwenyewe niliisoma ripoti ile kwa utulivu miaka mingi baadaye, na kulikuwa na namba mbili ambazo zilinifanya niifunge kwanza, nitoke nje, nipunge upepo.

Namba ya kwanza ni 1,133. Hao ndio waliokufa. Hiyo tunaijua, tunaikariri kila mwaka wa uchaguzi. Namba ya pili ni 405. Hao ndio, miongoni mwa wale 1,133, waliokufa kwa risasi.

Ihesabu mwenyewe. Ni zaidi ya theluthi. Sasa, wale vijana wa Bonde la Ufa walikuwa na mishale, na wale wa Naivasha walikuwa na mapanga na petroli. Bunduki zilikuwa mikononi mwa nani? Tume haikuzunguka: ilielekeza kidole kwa polisi. Nataka muiweke hiyo 405 mahali mtakapoikumbuka, kwa sababu nitairudia.

Turudi Bungeni. Tarehe 12 Februari 2009, mswada wa kubadilisha Katiba ili tuwe na mahakama maalumu ulipigiwa kura. Waliounga mkono walikuwa 101, waliopinga 93. Ukisikia hivyo utadhani ulipita. Haukupita, kwa kuwa Katiba ilitaka theluthi mbili. Na waliopinga hawakuwa na sababu moja. Wapo walioogopa kwa nia njema kwamba mahakama ya nyumbani ingetiwa mfukoni na Ikulu. Wapo waliohesabu kwamba Hague ni mbali, ni polepole, na kesi ikifika huko wao watakuwa wameshastaafu. Wote wakaimba kibwagizo kimoja cha Kiingereza, chenye kina kizuri, ambacho kwa Kiswahili hakina ladha: tusizungukezunguke, twendeni Hague. Msikilizaji, lisikupite hilo. Miaka minne baadaye tuliambiwa kwenye majukwaa kwamba ICC ni mahakama ya wazungu iliyotuingilia nyumbani. Haikutuingilia. Tuliiita, kwa kura iliyohesabiwa, ndani ya Bunge letu.

Julai 2009 Annan akaikabidhi bahasha. Kiongozi wa mashtaka, Luis Moreno Ocampo, akaifungua, akasoma, akaifunga tena. Na jina lake likaanza kuchorwa kwenye matatu.

Wakati huo huo, nyumbani, kulikuwa na kesi. Hapa ndipo ninapotaka tukae, maana ndipo hatukukaa wakati ule. Aprili 2009 Mahakama Kuu ya Nakuru ilitoa hukumu katika kesi ya kanisa la Kiambaa. Watu 4 walikuwa kizimbani. Jaji aliyeketi alikuwa David Maraga, yule yule ambaye baadaye akiwa Jaji Mkuu alifuta uchaguzi wa rais wa 2017. Akawaachilia wote wanne. Hakusema kwamba kanisa halikuchomwa. Alisema ushahidi ulioletwa mbele yake hautoshi kumfunga mtu, na akawalaumu polisi kwa uchunguzi wa ovyo. Kanisa limechomwa mchana, majirani wanaona, na dola nzima inashindwa kumleta mtu mmoja mbele ya jaji na ushahidi unaosimama.

Kesi ya pili ni ya Kisumu. Januari 2008, mtaa wa Kondele, kamera ya televisheni ilimnasa askari akiwafyatulia risasi vijana wawili waliokuwa wakicheza na kufanya mzaha mbele ya polisi. Nchi nzima iliiona picha ile. Mmoja alianguka, na askari akamfuata pale chini akampiga teke. Askari aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo aliachiliwa Juni 2010. Kwa nini? Namba ya bunduki. Namba ya bunduki aliyopewa kazini haikulingana na namba ya bunduki iliyofika kwa mtaalamu wa silaha. Kati ya ghala la silaha na maabara, namba zilipishana, na kesi ikaanguka.

Sisi tulikuwa wapi Juni 2010? Tulikuwa tunamsubiri Ocampo. Mwezi Machi mwaka huo majaji wa ICC walikuwa wamemruhusu kufungua uchunguzi wa Kenya, kwa kura 2 dhidi ya 1, na ilikuwa mara ya kwanza kwa kiongozi wa mashtaka kuanza kwa hiari yake mwenyewe, bila kuletewa shauri na nchi wala na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Hiyo ilikuwa habari kubwa, na sisi tunapenda habari kubwa. Namba ya bunduki tuliitangaza kwa dakika moja, baada ya habari za michezo.

Tarehe 15 Desemba 2010 Ocampo akawataja watu 6. Upande mmoja William Ruto, Henry Kosgey na Joshua arap Sang. Upande wa pili Uhuru Kenyatta, Francis Muthaura na Meja Jenerali Hussein Ali, aliyekuwa kamishna wa polisi wakati wa ghasia. Wiki moja baadaye Bunge lile lile lililoimba twendeni Hague likapitisha hoja ya kujitoa katika Mkataba wa Roma, ule ulioiunda ICC. Makamu wa Rais Kalonzo Musyoka akatumwa kuzunguka miji mikuu ya Afrika kuomba kesi ziahirishwe. Ndani tukawa na mikutano ya maombi, ambayo sala yake ilikuwa fupi na hotuba zake ndefu.

Nakiri kwamba jina la Sang liliniingia mwilini kuliko yale matano. Mawaziri nimezoea kuwaona mashakani. Lakini mtu wa maikrofoni, mtangazaji wa asubuhi wa Kass FM? Alidaiwa kuwa alitumia kipindi chake kupeleka maneno ya mafumbo ya kuwachochea watu. Alikana, na kesi yake ilikuja kukoma bila kupatikana na hatia. Hata hivyo, asubuhi iliyofuata niliingia studio nikaitazama maikrofoni kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani. Jirani zetu wa Arusha walikuwa wameshayaona haya: Desemba 2003 ile mahakama ya kesi za Rwanda iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari, wawili wao wakiwa waanzilishi wa RTLM, redio ya uchochezi. Sisemi mambo yalikuwa sawa, hayakuwa sawa. Nasema tu kwamba tangu siku hiyo tulianza kuzungumza na wapiga simu nje ya hewa kwanza, kabla ya kuwafungulia.

Sasa ile 405. Wasikilizaji wengi hawalijui hili, na mimi nililijua nikiwa nimechelewa. Majaji walipotoa hati za kuwaita washukiwa, Machi 2011, waliyaondoa kabisa matukio ya Kisumu na Kibera katika kesi. Walisema hawakuletewa ushahidi wa kuonyesha kwamba risasi za polisi kule zilikuwa sehemu ya sera ya dola. Yaani kabla ya yeyote kati ya wale sita kupanda ndege, kabla ya televisheni kuwekwa madukani na kwa vinyozi Aprili 2011 ili tuwatazame wakiwa mbele ya majaji, Kondele ilikuwa imeshatoka nje ya mlango. Kisha Januari 2012 majaji wakayathibitisha mashtaka dhidi ya wanne, na Kosgey na Jenerali Ali wakaachwa. Alipotoka kamishna wa polisi, polisi wote walitoka naye. Kwa hiyo zaidi ya theluthi ya maiti zetu hazikuwa na kesi Hague. Nyumbani tulisema Hague itashughulikia. Hague walisema hili hatukuletewa. Na zile bunduki zilirudi ghalani.

Yaliyofuata mnayajua, nitayapita haraka. Machi 2013 mashtaka dhidi ya Muthaura yakaondolewa. Mwezi huo huo Uhuru na Ruto, ambao jamii zao zilikuwa zimechinjana miaka mitano nyuma, wakashinda uchaguzi pamoja, kwa asilimia 50.07. Wadadisi wengi, na mimi nikiwa mmoja wao, tulidhani mashtaka yangewaangusha. Tulikosea: mashtaka ndiyo yaliyowaunganisha. Mtu ukimwambia jirani yake wa zamani anahukumiwa na mgeni, husahau kwa muda kwamba jirani huyo alimchomea ghala. Umoja wa Afrika ukawasimamia. Baraza la Usalama likaombwa liahirishe kesi, Novemba 2013, na ombi likapata kura 7 kati ya 15. Halikupita. Oktoba 2014 Uhuru akamwachia Ruto kiti kwa muda, akasafiri kama raia wa kawaida, akawa rais wa kwanza aliye madarakani kuketi mbele ya majaji wa ICC. Desemba Fatou Bensouda, aliyechukua nafasi ya Ocampo, akaondoa mashtaka dhidi yake. Na tarehe 5 Aprili 2016 majaji wawili kati ya watatu wakaisimamisha kesi ya Ruto na Sang. Haikuwa kuachiliwa huru kwa maana kamili ya sheria. Ilikuwa kwamba kesi haiwezi kuendelea. Siku kumi na moja baadaye, uwanja wa Afraha, Nakuru, ulijaa watu waliokuja kumshukuru Mungu.

Kesi hizi zilikufaje? Bensouda alisema mashahidi 17 katika kesi ya Ruto na Sang walijitoa, na kwamba walitishwa, walitengwa, na wengine walihongwa. Washtakiwa wakasema mashahidi walikuwa wa kufundishwa tangu mwanzo. Wakili mmoja aliyeshtakiwa kwa kuwahonga mashahidi alijisalimisha mwaka 2020, akakana, akafariki Septemba 2022 kabla ya hukumu, na hapo napo tukabaki bila jibu. Serikali yetu majaji waliilaumu rasmi kwa kutotoa nyaraka ilizoombwa. Nayo ofisi ya mashtaka haikuwa malaika: wataalamu huru ambao Bensouda mwenyewe aliwaita waliikosoa kazi iliyofanywa enzi ya mtangulizi wake. Kwa lugha ya kwetu, mwenye nyumba alificha ufunguo, na fundi alikuja bila vifaa. Novemba 2023 ofisi hiyo ikatangaza kwamba imemaliza uchunguzi wa Kenya. Habari ile nayo tuliisoma kwa dakika moja.

Nikifika hapa kuna rafiki yangu huniambia, basi unaona, hayo mambo ya haki ya kimataifa ni maigizo, yaacheni. Mimi sikubaliani naye, na sababu yangu haiko Uholanzi.

Desemba 2008, wakati sote tunaihangaikia bahasha, Bunge lilipitisha sheria moja bila makelele: Sheria ya Makosa ya Kimataifa. Iliuleta Mkataba wa Roma ndani ya vitabu vyetu, kwamba uhalifu dhidi ya ubinadamu ni kosa la kushtakiwa hapa hapa, mbele ya majaji wetu. Ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2009, mwaka mzima baada ya Kiambaa. Sheria ya jinai hairudi nyuma, kwa hiyo haikuweza kuwasaidia wa 2008. Ikakaa rafuni. Ilikaa miaka mingi hata mawakili wakawa wanaitaja kama jina la mjomba aliyehamia ng'ambo.

Kisha ukaja uchaguzi wa 2017. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Agosti, mtaa wa Nyalenda, Kisumu, ndio Kisumu ile ile, polisi waliingia nyumba kwa nyumba. Katika nyumba moja alikuwamo mtoto wa miezi 6. Alipigwa kichwani akiwa mikononi mwa mama yake, na siku chache baadaye akafariki. Jina lake mnalijua. Sitalitumia jioni hii, wazazi wake wamelisikia vya kutosha. Uchunguzi wa kifo chake ulifanyika mahakamani Kisumu, na Februari 2019 hakimu akasema polisi ndio wenye kulaumiwa, akawataja makamanda waliosimamia operesheni ile.

Makamanda. Nisikilizeni vizuri hapo. Katika kesi ya Kondele kila kitu kilining'inia kwenye askari mmoja na namba ya bunduki moja. Namba ikapotea, kesi ikapotea. Usiku wa Nyalenda ulikuwa wa giza, askari wengi, rungu hazina namba kabisa. Kwa sheria yetu ya kawaida ya mauaji ungeuliza, nani aliyeshika rungu? Na usingejibiwa mpaka kiama. Ile sheria iliyokaa rafuni inauliza swali jingine: nani aliyekuwa na amri juu yao, alijua au alipaswa kujua wanafanya nini, na hakuwazuia wala kuwachukulia hatua? Swali hilo lina jibu, maana orodha ya makamanda huandikwa. Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha mashtaka dhidi ya maafisa 12 wa polisi kwa matukio ya Kisumu ya 2017, na ndani yake mna mauaji, ubakaji, utesaji, kama uhalifu dhidi ya ubinadamu. Haikuwahi kutokea Kenya.

Si hiyo tu. Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru wanawake 4 waliobakwa katika ghasia za 2007 na 2008 walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja, kwa kuwa dola ilishindwa kuwalinda na kuchunguza waliyotendewa. Kesi yao waliifungua 2013, mwaka ambao macho ya nchi yote yalikuwa kwenye ndege za kwenda Hague. Miaka saba walikwenda mahakamani na kurudi. Hakuna aliyewachora kwenye matatu.

Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha na wengine wakauawa kwa risasi, simu zilipofunguliwa hapa studio, mpigaji wa tatu au wa nne alisema: twendeni Hague. Alikuwa kijana, sauti yake bado haijakomaa. 2008 huenda hata shule alikuwa hajaanza. Nilimuuliza, kijana, unaijua kesi ya Kisumu? Ile ya maafisa 12? Akanyamaza kidogo, akasema, ya lini hiyo, kaka?

Hiyo kesi, wasikilizaji, imejikokota. Kusomewa mashtaka kuliahirishwa mara baada ya mara. Leo wakili hayupo, kesho kuna ombi jipya, keshokutwa mashtaka yanataka kurekebishwa. Wazazi walisafiri kutoka Kisumu kwenda mahakamani na kurudi. Siku itakapotajwa tena nitakwenda kukaa kwenye benchi la nyuma, na nitakayoyasikia nitawaletea hapa. Safari hii sitayaweka baada ya michezo.

Ni saa mbili kasoro dakika moja. Taarifa ya habari inafuata.